Fomu Niliyoificha Nyuma ya Barua

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatano moja ya mwezi wa nane katika ofisi ya sekta ya Kanama, ofisi ya serikali ya eneo lile, wakati noteri wa ardhi, afisa anayeidhinisha mauzo, alipoigeuza komputa yake ili mimi na mama yangu, bibi yako, tuone wenyewe. Wewe ulikuwa tumboni, miezi sita. Nilivaa gauni la kitenge nililolipiga pasi mara mbili, na mkononi nilikuwa na bahasha yenye karatasi zote za kuuzia shamba letu la viazi, nimezipanga kwa namna ambayo niliamini haina kasoro. Kwenye benchi nyuma yetu alikaa Damascène, mkulima jirani aliyetaka kulinunua, kofia yake juu ya goti.

"Mama," noteri alimwambia bibi yako, "shamba hili haliwezi kuuzwa. Lina ingwate."

Ingwate ndiyo rehani: shamba limeshikwa na aliyekukopesha mpaka umlipe. Bibi yako alikitazama kioo cha komputa, akanitazama mimi, kisha akacheka.

"Ingwate gani tena? Ile deni nilimalizaka, iko miaka tano sasa. Barua iko ku ukuta, mu fremu. Aline, muambie huyu."

"Komputa haijui fremu yako, mama," noteri akasema, bila ubaya. Alikuwa binti wa rika langu, na nafikiri alituonea huruma. "Inajua kilichoandikwa kwenye daftari la ardhi. Hapa pameandikwa kwamba shamba limeshikwa. Kama mmelipa, aliyewakopesha alitakiwa kuomba ingwate ifutwe. Hakuomba. Au nyinyi hamkumwambia aombe."

Bibi yako aliendelea kunitazama, akingoja nimjibu yule binti kwa zile sentensi zangu ndefu anazojivunia mbele ya watu. Niliikunja tu ile bahasha. Nilikuwa nimeshaelewa kosa liko wapi, na nilijua kwamba ni langu.

Najua nasaha kama hizi huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina hata moja. Nina miaka ishirini na tisa, na wewe bado hujaota meno yote. Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Naogopa nikingoja uzee nitakuwa nimejipamba, nitakuwa nimejisamehe mambo mengi, na utasikia hadithi ya mama aliyekuwa na busara tangu zamani. Ni afadhali nikuandikie sasa, aibu ikiwa bado mbichi.

Shule niliiacha kidato cha tatu, babu yako alipoanza kuumwa. Kuchapa nilijifundisha mwenyewe katika duka dogo karibu na mpaka mdogo wa Goma, ule wanaovuka watu wa miguu, duka la aina tunayoiita sekretariati, panapochapwa barua na kutolewa fotokopi. Kifaransa cha ofisini nilijifundisha humo humo, kwa kunakili barua za wateja. Mtu aliyejifundisha mwenyewe, mwanangu, ana ugonjwa wake. Kila siku anahisi leo ndiyo siku watakayogundua kwamba hajui. Kwa hiyo nilikuwa narudia ukurasa mzima kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda. Wateja walinisifu. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naogopa.

Sasa rudi nami miaka mitano nyuma ya ile Jumatano.

Babu yako alikuwa amechukua mkopo wa mbegu za viazi katika chama cha akiba na mikopo cha wakulima, akaweka rehani lile shamba la Kanama. Alifariki kabla hajaumaliza. Bibi yako aliuendeleza peke yake. Kila mwezi alishuka kutoka shambani, viatu mkononi, akalipa dirishani, akapewa kipande cha risiti, akakitia katika kopo la maziwa ya unga. Alipolipa mara ya mwisho alinichukua mimi niende naye, kwa kuwa ndiye msomi wa familia.

Karani wa chama alitupa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua yenye muhuri na sahihi, inayosema kwamba deni limekwisha. Ya pili ilikuwa fomu. Karani akanitazama mimi, si bibi yako, akasema, "Barua ni ya kuthibitisha malipo. Fomu mama aijaze, aisaini, mniletee hapa. Ndipo tutaomba ingwate ifutwe kwenye daftari."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa kila neno.

Nyumbani niliifungua ile fomu. Jina, nilijua. Namba ya kiwanja, nilijua. Katikati kulikuwa na mstari ulioandikwa "Namba ya usajili wa rehani". Nilitafuta namba hiyo kwenye mkataba, kwenye barua, kwenye risiti, sikuiona. Sikutaka kuandika kitu cha uongo kwenye fomu ya serikali. Sikutaka pia kurudi kwa karani kumwambia kwamba msomi wa familia ameshindwa kujaza mstari mmoja. Nikajiambia nitaijaza nitakapokuwa na uhakika.

Wakati huohuo bibi yako alikuwa na mipango yake. Unajua kwetu, mtu akivuka jambo zito hulipeleka kanisani, akasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda, kisha akaita majirani nyumbani. Bibi yako alisimama Jumapili hiyo na barua mkononi, akaipunga juu, akasema, "Hii ndio karatasi ya uhuru wangu!" Kina mama wakapiga vigelegele. Nyumbani walikunywa fanta na bia ya ndizi, wakala mishikaki, wakacheza mpaka sakafu ikafuka vumbi. Kisha akaniambia, "Aline, hii barua tuiweke ku ukuta. Kila mutu aone."

Nilinunua fremu ya rangi ya dhahabu sokoni Gisenyi. Barua ilikuwa na mikunjo, nikaipiga pasi chini ya kitambaa. Ili isijikunje tena nikaibandika kwa gundi juu ya kadibodi. Hata hivyo ilicheza kidogo ndani ya fremu, na mimi kitu kikicheza siwezi kulala. Nikatafuta karatasi ya kuziba ile nafasi. Fomu ilikuwa na ukubwa uleule hasa.

Hapo ndipo nilipoiweka, mwanangu. Nyuma ya barua, ikiwa tupu. Nilijiambia itakuwa salama humo.

Siku hiyo hiyo nilifanya kosa jingine, ila hilo bibi yako alilizuia. Nilimwona ameshika lile kopo la maziwa, limejaa vipande vya risiti vyenye matope ya shambani, vingine vimeshikana. Nikamwambia, "Tupa hizo takataka, Mama. Barua tunayo."

"Utupe kwanza zile mawigi zako," akanijibu, na kopo akalisukuma chini ya kitanda.

Ile Jumatano tulirudi kutoka Kanama kwa basi dogo. Damascène alikuwa ametuambia kwamba atasubiri kidogo. "Ila viazi havinisubiri," alisema. Tatizo letu halikuwa yeye. Nyumba yetu ya Nyundo ilikuwa kandokando ya mto Sebeya, na mto ule mvua zikikolea haubishi hodi. Mwaka uliotangulia maji yaliingia mpaka chini ya vitanda. Viongozi walikuwa wameshatuambia tuhame. Tulikuwa tumepata kiwanja kizuri juu Rugerero, cha mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia kwa watoto wake. Kwa kumheshimu marehemu babu yako alitupa wiki mbili. Baada ya hapo alikuwa na mnunuzi mwingine. Bila kuuza shamba tusingeweza kununua kiwanja, na bila kiwanja mvua za mwezi wa tisa zingetukuta palepale mtoni, nami na tumbo langu.

Tulipofika nyumbani niliishusha fremu ukutani. Ilikuwa imekaa miaka mitano ikitazamana na dirisha. Nilipoifungua niliona kile ambacho kioo chake kilikuwa kinakificha kwa kumeremeta: jua lilikuwa limeinywa sahihi yote. Muhuri ulikuwa umebaki kivuli cha samawati. Nilijaribu kuibandua kutoka kwenye kadibodi, ikachanika kona. Na ile fomu ikateleza, ikaanguka sakafuni.

Bibi yako akaiokota. Hasomi vizuri, lakini fomu tupu anaijua.

"Hii nayo iko nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, ya karani, ya namba nisiyoijua, ya aibu yangu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kwamba nikikaa nitalia na yeye ataanza kunibembeleza.

Aliigeuza ile fomu huku na huku, kisha akasema polepole, "Donc, yaani miaka tano, wageni wakiingia humu, mi nilikuwa naonyesha wao fomu yako."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Athanase. Umemwona, ndiye yule anayekuita "mkubwa wa kazi". Ni mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania; alizeekea Karagwe, na alikuwa karani wa mahakama miaka mingi. Siku hizi anaweka meza yake mbele ya sekretariati yetu, anaandikia watu malalamiko na mikataba kwa kalamu, kisha wananiletea mimi nizichape. Zile karatasi zake zenye maneno yaliyokatwakatwa nilikuwa nazidharau kimoyomoyo. Nakuambia ukweli.

Nikaweka fomu mezani pake. Nikamweleza. Aliisoma mara moja tu, akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Huu ndio uliokushinda?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umesoma maandishi madogo chini yake?"

Niliinama. Chini ya mstari kulikuwa na maandishi madogo, yamekwaruzika kwa fotokopi nyingi. Mimi ninayetafuta makosa ya nafasi na koma siku nzima, sikuwa nimeyaona.

"Yanasema sehemu hii inajazwa na mkopeshaji," akasema. "Hawakukuuliza wewe, binti. Ulitakiwa uache wazi."

Akavua miwani.

"Umekaa mita mbili kutoka kwangu muda wote huo. Ungeniuliza, ningekujibu kabla chai yangu haijapoa. Kwa nini hukuuliza?"

"Nilitaka niwe na uhakika kwanza."

"Hapana. Ulitaka usionekane hujui. Usiyachanganye hayo mawili. Anayetaka uhakika huuliza." Aliifuta miwani kwa pindo la shati. "Unaogopa kukosea, Aline, kuliko unavyoogopa mama yako kupoteza shamba. Nimekuona ukirudia ukurasa mzima kwa herufi moja. Nikasema, huyu binti ni makini. Kumbe nilikuwa najidanganya. Mtu makini humaliza kazi."

Sijawahi kukaripiwa kwa sauti ndogo vile. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja fotokopi alijifanya anasoma bango la ukutani.

Kisha Mzee akavaa tena miwani, akavuta kiti cha pili. "Kaa. Lia baadaye, wiki mbili si nyingi. Deni na rehani ni vitu viwili. Deni ni kati yako na aliyekukopesha. Ukilipa, limekwisha pale dirishani. Rehani imeandikwa kwenye daftari la ardhi, na haiondoki mpaka mtu aiondoe. Leo tunaanza na aliyewakopesha. Yuko wapi?"

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo la pili. Kile chama cha wakulima hakikuwepo tena. Kilikuwa kimeungana na vingine, vikawa taasisi moja kubwa yenye ofisi ya vioo mjini Gisenyi. Nilikwenda siku hiyohiyo. Kijana mwenye tai aliipokea barua yangu, akaielekeza kwenye mwanga.

"Dada, hii hatuwezi kuitumia. Muhuri hausomeki, sahihi haipo. Na kwenye mfumo wetu akaunti ya mama iko wazi. Inaonyesha miezi tisa ya mwisho hakulipa."

"Alilipa. Nilikuwepo."

"Labda malipo hayakuhamishwa wakati wa kuungana. Faili za zamani zilipelekwa Musanze. Tunaweza kuziomba."

"Zitachukua muda gani?"

"Kwa kweli sijui."

Elewa nilichokisikia hapo, mwanangu. Kwenye daftari la ardhi shamba limeshikwa. Kwenye mfumo wa mkopeshaji mama yangu ni mdaiwa aliyekimbia. Shahidi pekee aliyesema vinginevyo ilikuwa barua niliyoianika juani mimi mwenyewe. Wangeweza kudai tena. Kwa karatasi zile, wangeweza hata kuomba shamba lipigwe mnada, na sisi tungebaki kuapa mbele ya watu kwamba tulilipa, tulicheza, na majirani walikula mishikaki. Yule kijana hakunitisha. Alinieleza tu, kwa adabu, akanirudishia barua yangu.

Niliporudi nyumbani bibi yako alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza. Alimaliza kiazi alichokishika, akafuta mikono, akapiga magoti na kulivuta kutoka chini ya kitanda lile kopo, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimezuia maji ya mto.

"Mi sijui kusoma muzuri," akasema, "lakini kuweka najua."

Tukazimwaga mkekani. Zilinuka maziwa ya kale na udongo. Alikuwa amezifunga mafungu kwa nyuzi za mgomba, fungu moja kwa kila msimu wa viazi, na kila fungu alijua ni lipi. "Hii ni mwaka wa ukungu. Hii ni wakati mbuzi walikufa. Hii ya mwisho, tazama, iko na rangi ya viatu, nilikuwa nimepiga dawa viatu siku ile ya kumaliza." Zilizoshikana tulizibandua kwa mvuke wa birika. Risiti zote tisa za miezi waliyosema hakulipa zilikuwepo. Chafu, zimekunjamana, na namba zinasomeka kabisa.

Nilizitazama, nikakumbuka nilivyomwambia azitupe. Hakunikumbusha. Alisema tu, "Haya, msomi. Panga."

Tuliwapelekea nakala pale Gisenyi, wakasema lazima zilinganishwe na vitabu vya Musanze. Nikaenda Musanze. Mzee Athanase alikuja nami bila kuombwa, kopo likiwa juu ya mapaja yake kwenye basi kama mtu aliyebeba kuku. Tuliambiwa mwenye ufunguo wa chumba cha faili yuko likizo. Tukarudi. Tukaenda tena wiki iliyofuata. Tukaambiwa turudi mchana. Mzee akamwambia yule mlinzi, "Sisi tumekuja na chakula chetu," akafungua kitambaa chenye viazi vya kuchemsha, tukala palepale mlangoni mpaka mwenye ufunguo akaona haya akatufungulia.

Kitabu kilikuwepo. Malipo tisa yalikuwepo, kwa mwandiko wa yule karani wa zamani. Mwanamke aliyekuwa anakagua aliweka kila risiti juu ya mstari wake, na ya mwisho ilipolingana aliinua kichwa akasema, "Mama yako ni mtu wa ajabu." Palepale nikaijaza ile fomu, ambayo bibi yako alikuwa ameshaisaini nyumbani. Nikakosea tarakimu moja katika namba ya kiwanja. Nikaomba fomu nyingine.

"Kata, andika pembeni, tia sahihi," Mzee akasema.

"Itaonekana chafu."

"Itaonekana imejazwa."

Nikakata. Fomu ile ilikwenda hadi kwa msajili na mkato wake, na hakuna aliyeuuliza.

Lakini wiki mbili zilikuwa zimeshapita. Mwalimu wa Rugerero alitupigia simu siku ile ya kwanza tulipokuwa Musanze. Alikuwa mpole, akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Kiwanja kilikwenda kwa mtu mwingine. Mwishoni mwa mwezi wa tisa mvua ilinyesha siku mbili mfululizo juu milimani, na mto ukachukua jiko letu na ukuta wa upande wa mashariki, mchana, watu wote wakitazama. Hakuna aliyeumia. Bibi yako aliokoa godoro, sufuria na kopo. Tulihamia chumba cha kupanga hapa Gisenyi, mimi, yeye, na baba yako anapopata nafasi ya kurudi kutoka kazi zake za ujenzi. Ndiyo sababu ulizaliwa kwenye chumba cha kupanga, chenye bati linalopiga kelele. Siku moja utaniuliza kwa nini, na nimekuandikia ili nisije nikakujibu kwamba ni mto. Mto ulichukua ukuta tu. Nafasi ya kuhama kabla ya mto niliichukua mimi, miaka mitano kabla.

Ingwate ilifutwa wiki tatu kabla ya wewe kuzaliwa. Tulirudi Kanama kwa yule noteri. Akageuza komputa. Pale palipokuwa na jina la aliyeshika shamba palikuwa patupu. Bibi yako akaomba aonyeshwe mara ya pili.

"Iko tupu kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Bon, sawa. Sasa ndio nimemaliza deni."

Damascène alikuwa bado anataka shamba. Alisema mke wake ameshamcheka vya kutosha kwa kusubiri shamba lenye mashetani. Tukauza. Kiwanja tulichonunua ni kidogo kuliko cha mwalimu, na kiko mbali zaidi na barabara, lakini kiko juu. Siku ya kukinunua, muuzaji alipotoa karatasi zake, bibi yako hata hakuzigusa. "Kwanza tuone ku mashini," akasema. Tukaona. Msingi umeshachimbwa. Tutajenga chumba kimoja kimoja, na hatutaacha, hata ikichukua miaka.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Ukimaliza kulipa mkopo uliowekea ardhi au nyumba, usicheze bado. Chukua barua, jaza fomu, mpe mkopeshaji, na umwombe tarehe. Baada ya hapo nenda mwenyewe kwa noteri au kwa msajili, uangalie kwa macho yako kwamba jina la mkopeshaji limeondoka, na uombe karatasi inayosema hivyo. Ukiwa hujapaona patupu, hujamaliza. Wakopeshaji huungana, hufunga matawi, huhamisha faili. Makarani huacha kazi. Na sisi tunaolipa tunakufa kama watu wote. Ukifa na rehani iko hai, watoto wako hawataweza kugawana wala kuuza kabla ya kuthibitisha jambo ambalo hawakuliona. Ukitaka kukopa tena, shamba lako litakuwa bado mkononi mwa mtu usiyemdai wala asiyekudai. Na risiti ziweke, hata zenye matope. Barua itoe nakala kabla hujafanya lolote, na usiibandike popote.

La mwisho ni gumu kwangu kuliko yote. Mahali usipojua, uliza siku hiyohiyo. Uliza karani, uliza mzee wa meza ya jirani, uliza hata mtoto aliye darasani. Watakucheka kwa dakika moja. Mimi nilikwepa dakika hiyo, na bibi yako ameilipa kwa nyumba yake.

Ile fremu bado tunayo. Bibi yako ameagiza tuweke picha yako, ile uliyokunja uso. Nimeiweka jana. Inacheza kidogo ndani ya kioo, na nimeiacha icheze. Nyuma yake hakuna kitu. Nimeangalia mara tatu.

Mungu akukuze, mwanangu, juu ya ardhi isiyoshikwa na mtu. Akupe mkono wa kumaliza unachokianza, na mdomo usioona haya kusema sijui. Akuweke wewe na bibi yako mpaka siku mtakayoingia nyumba ile pamoja, yeye mbele na kopo lake, wewe nyuma yake kwa miguu yako mwenyewe. Amina.